Bushi za Shako na Mguu wa Mama

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Fundi Omuse, Mteso wa hapa Malaba, mwenye gereji. Akinyi, mke wake, Mluo aliyeolewa kutoka Ugenya, tuliyemwita Mama Amoit kwa jina la binti yao wa kwanza. Odhiambo, ndugu yake Akinyi, kwa hivyo shemeji ya fundi, kondakta wa basi la Kisumu. Barasa, dresa wa zahanati, yaani mhudumu wa kufunga vidonda, ambaye hakuwa ndugu ya mtu yeyote pale, ila alikunywa uji wa Akinyi kila asubuhi na huo nao ni udugu. Wandera, kaka yangu mkubwa. Na mimi, Nafula binti Nabwire, Msamia. Mama yangu mwenyewe, huyo Nabwire, hakuwa gereji. Alikuwa amelazwa zahanati, mguu umefungwa katikati ya mbao mbili, na kila mmoja wa hao niliowataja alikuwa pale kwa sababu yake.

Ninyi vijana mnaoshika spana siku hizi, na ninyi wajukuu zangu ambao nimewalazimisha kusoma haya, nataka kuwaambia habari ya bushi. Najua mtacheka. Mnasema, shosho, bushi ni kitu gani hata kiandikwe? Ni kipande cha mpira kinachotoshea kiganjani. Ndiyo. Na kwa miaka yote niliyokaa gereji, mimi mwanamke niliyesoma mpaka darasa la pili tu, sijaona kitu kilichonishangaza kama hicho kipande cha mpira. Injini inapiga kelele ujue inafanya kazi. Taa zinawaka uzione. Bushi imejificha gizani, chuma huku na chuma huku, imebeba gari na watu na magunia, na ukisikia sauti yake ujue inakufa.

Niwaeleze kwanza, kwa sababu si wote mmelala chini ya gari. Magari ya siku zile, nyuma yalikuwa na springi za vyuma bapa, vimelaliana kimoja juu ya kingine kama vitabu. Ncha moja ya springi imefungwa kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Ncha ya pili inaning'inia kwenye kishikio kidogo cha chuma, kile mafundi wanakiita shako. Gari likiingia kwenye shimo, springi inajinyoosha, na shako inacheza mbele na nyuma kama hereni. Sasa pale pini za shako zinapopita, moja ndani ya tundu la springi na moja ndani ya tundu la chesisi, hapo ndipo bushi inakaa. Ni mbili kwa kila tundu, moja inaingia huku, moja huku, kila moja ina kichwa kama kikofia, zinakutana katikati. Bila hizo ni chuma kinakula chuma.

Mimi nilianza kwa kutafuta paka.

Msicheke, au chekeni, sawa tu. Sisi Wasamia ulimi wetu unageuza b kuwa p. Mimi nilikuwa nasema pushi. Na Omuse, Kiteso chake hakina ile sha, alikuwa anasema busi. Sasa yeye na mimi tukiongea, katikati ilitoka pusi, yaani paka. Nilikuwa bado mgeni pale, nakaa kwenye baraza yangu nakata akala, viatu vya tairi, akaja akanisimamia akaniambia, "Nafula, unasikia hiyo pikapu inavyolia? Ni busi hiyo."

Nikasikiliza. Kweli, pikapu ikitikiswa kitu kilikuwa kinalia nyaauu huko chini. Nikainama nikaita pssi, pssi, pssi.

Omuse akaniuliza, "Unafanya nini?"

"Namtoa huyo pusi kabla hujamkanyaga."

Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akanivuta chini ya gari, akanionyesha. "Huyu ndiye pusi wako," akasema. Akachukua mtalimbo, akauingiza kati ya shako na springi, akainua kidogo. Nikaona ule mpira umepasuka nyufa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu, na pini inacheza ndani ya tundu. Hicho kipimo mkishike mpaka leo. Msikilize kwa masikio, lakini msihukumu mpaka mtalimbo useme.

Kwa nini nilikuwa pale? Baba yangu alikuwa fundi wa akala. Wapagazi wa reli wote na mataniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, walivaa mkono wake. Alipokufa aliacha kigogo cha kukatia na kisu kimoja chembamba, na baraza aliyopewa na Omuse kando ya gereji. Wandera hakupenda ile kazi, alikuwa anafuata ng'ombe wa watu mnadani. Mimi nikakaa kwenye kigogo. Watu walisema msichana hawezi kukata tairi. Tairi halikuniuliza kama mimi ni msichana.

Baba alinifundisha mpira. Alinifundisha kwamba mpira una uhai na unakufa kama kitu kingine chochote. Unabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Alama ikipotea mara moja, mpira uko hai. Ikibaki, umekufa, hata kama kwa macho unang'aa. Alinifundisha kukata na kisu kilichochovywa majini, kwa sababu mpira mkavu unakishika kisu, lakini mpira uliolowa unakiachia kipite kama kwenye nyama. Na alinifundisha kwamba tairi la lori lina nyama na lina mishipa. Mishipa ni zile nyuzi za turubai zilizo ndani. Kwa akala unataka mishipa, ndiyo inashika msumari. Kama hutaki mishipa, nenda kwenye bega la tairi, pale linapopinda kutoka juu kwenda ubavuni. Hapo nyama ni nene, nyama tupu. Haya yote nilijua, na sikujua nimejulia nini.

Kabla sijafika kwa mama, acheni niwaambie habari ya Ouma, kwa sababu ni somo. Ouma alikuwa anatoa omena, wale dagaa wa ziwani, Sio Port na kuileta hapa stesheni kwa gari dogo. Bushi zake zikaanza kulia. Mtu akilia unampa nini? Ouma akazipa mafuta. Tena hakununua mafuta ya gari, alichukua mafuta ya kamongo, yule samaki wa matope, akazipaka vizuri kama mama anavyompaka mtoto. Zikanyamaza! Ouma akazunguka Malaba anajisifu kwamba mafundi ni waongo.

Baada ya muda gari lake likawa linayumba nyuma kama mtu ametoka kilabuni. Kila akilisimamisha, paka wa mtaa mzima wanakuja kukaa chini yake. Omuse alipolifungua, ule mpira ulikuwa umevimba na kulainika, unaubonyeza unabaki kidoleni kama muhogo uliochemshwa ukasahauliwa. Nikamwambia Omuse, "Umeona sasa? Pusi walikuwepo." Na Omuse akamwambia Ouma maneno ambayo nimewarudishia watu maisha yangu yote: "Busi haitelezi, bwana. Busi inajisokota."

Simameni hapo kidogo. Mimi nilisimama pale siku nyingi. Mnafikiri ule mpira unazunguka kwenye pini kama gurudumu kwenye ekseli. Hapana. Umeshikwa ndani na pini, umeshikwa nje na tundu, hauendi popote. Gari likiruka, mpira unajisokota, kama unavyokamua nguo, halafu unajirudisha ulivyokuwa. Kila shimo, kila jiwe, kutoka hapa mpaka Kisumu. Unakamuliwa na kurudi, unakamuliwa na kurudi, na haukasiriki. Eti ni maziwa ya mti! Mtu aligema mti huko nchi za mbali, maziwa yakaganda, na sasa yako chini ya gari yanafanya kazi ambayo chuma chenyewe kimeshindwa. Mimi kanisani nimesikia mahubiri mengi mazuri, na mengine yamenipita. Hilo la mpira halijanipita.

Sasa mama.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Ulikuwa wakati wa kiangazi, barabara imekauka mpaka imefanya mistari kama ubao wa kufulia nguo. Mama alipanda ghala kutoa wimbi. Mnajua zile ghala zetu, paa linainuliwa kama kifuniko cha chungu. Kijiti cha kushikilia paa kikateleza, paa likamsukuma, akaanguka. Paja likavunjika. Wandera na majirani wakambeba kwa kitanda mpaka zahanati.

Barasa alimfunga mbao. Alikuwa na mikono mizuri Barasa. Lakini alituita nje, mimi na Wandera, akasema, "Mimi hapa nimefika mwisho. Huyu anatakiwa hospitali ya misheni, upande wa Mumias. Kule wana mtu wa mifupa."

Wandera akasema, "Basi kesho tumpandishe basi."

"Umpandishe basi gani? Sikiliza, Wandera. Mfupa umekatika kwa mshazari. Ncha yake ni kisu. Iko karibu na mshipa mkubwa wa damu. Ukimrusharusha huko njiani, huo mshipa unakatika, na mimi nitakuwa nimeketi kando yake na bandeji mkononi bila la kufanya."

"Na tukimwacha hapa?"

"Vidole vya mguu vimeanza kuwa baridi. Ukimwacha sana, mguu utaoza."

Mwaona pale tulipokuwa. Tukienda vibaya mama anakufa, tukikaa anakufa. Gari la wagonjwa huku halikuwepo. Gari lililokuwepo ni ile pikapu ya Omuse, yule pusi. Na pusi alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anagonga. Kila shimo, ko! Kila jiwe, ko! Mpira umekwisha, chuma juu ya chuma. Barasa aliipanda kidogo kuijaribu, akashuka akasema, "Hata mimi mzima imeniumiza meno."

Omuse hakusita. "Nitatoa hizo busi zote za nyuma, pande zote mbili," akasema. Hilo nalo lishikeni: hata kama ni upande mmoja unaolia, badilisha pande zote, la sivyo gari litakwenda limeinama kama mtu mwenye jipu. Bushi hazikuwepo Malaba. Busia hazikuwepo. Zilikuwepo Kisumu, na basi la Odhiambo lilikuwa linaondoka.

Mimi nilikuwepo Omuse akimtuma, nimesimama hapa, Odhiambo pale mlangoni mwa basi, injini inanguruma. Omuse akapaza sauti: "Semeji! Niletee busi nane za sako! Za nyuma! Mwambie mwenye duka zibane sana, sitaki za kulegea!"

Odhiambo akajibu, "Busi nane, za nyuma, zibane! Nimesikia, semeji!"

Siku iliyofuata basi likarudi. Odhiambo alishuka na furushi limefungwa kwa karatasi na kamba, amelikumbatia kama mtoto. Omuse alikuwa ameshainua pikapu juu ya mataruma ya reli, springi zimefunguliwa, bushi za zamani ametoa kwa moto wa makaa na moshi mweusi, matundu amesugua kutu mpaka yanang'aa. Akafuta mikono, akalipokea lile furushi. Lilikuwa jepesi. Akalifungua.

Yalikuwa mashati. Bushi-shati nane, kaki, zile zenye mifuko minne, zote ndogo.

Omuse akainua moja kwa ncha za vidole, akalitazama mbele, akalitazama nyuma.

"Odhiambo," akasema polepole, "hii ni nini?"

"Busi-sati, semeji. Nane. Zinabana, nilijaribu mwenyewe dukani, mpaka kifungo kikaruka."

"Nilisema busi za sako!"

"Si ndiyo hizo? Busi-sati!"

"Sako! Sako! Ya gari!"

Mmeona kilichotokea. Mteso hana sha, Mjaluo hana sha, na injini ya basi ilikuwa inanguruma katikati yao. Akinyi aliuliza ndugu yake, "Na za nyuma ulielewa nini?"

"Nilidhani ni za wale wanaofanya kazi huku nyuma. Nikasema, uhuru umefika, hata gereji ya semeji sasa inavaa yunifomu."

Akinyi alicheka, halafu akanitazama usoni, akaacha. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimetoka zahanati, nimeshika vidole vya mama, na baridi ilikuwa imepanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kifundo. Odhiambo alipoona uso wangu alielewa. Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima, akaweka kichwa mikononi. "Nafula, dada yangu," akasema, "nirudi Kisumu sasa hivi kwa baiskeli."

Kufika Kisumu na kurudi, hiyo ni siku ambazo mguu wa mama haukuwa nazo. Barasa alisema hivyo bila kuulizwa.

Nikamwuliza Omuse, "Zile za zamani ziko wapi?" Akanionyesha kwenye majivu. Moja tu haikuungua yote. Nikaichukua, nikaigeuza. Nikasema, "Hii si akala? Ni akala yenye tundu."

"Nimewahi kujaribu tairi," Omuse akasema. "Linachanika. Linafanya nyuzinyuzi, siku mbili limekwisha."

"Ulikata wapi?"

"Pale juu, panapokanyaga barabara."

"Pale ni mishipa, fundi. Twende begani."

Alinitazama. Nilikuwa sijawahi kumwambia habari ya kazi yake. Akasema tu, "Leta kisu."

Tulitafuta tairi kwenye rundo, tukabonyeza matairi moja moja kwa ukucha. Mengi yalikuwa yamekufa kwa jua. Likapatikana moja lililokuwa chini kabisa, lenye unyevu, alama ya ukucha ilipotea kabla sijaondoa kidole. Wandera alilishika, mimi nikakata. Niliweka sufuria ya maji ya sabuni kando, nachovya, nakata, nachovya. Nilichonga kila moja kama kizibo cha kibuyu, mwisho mmoja mwembamba, mwingine mnene, na kile kikofia juu. Tundu alitoboa Omuse kwa kipande cha bomba alichonoa mdomo wake, akawa analizungusha kwa sabuni mpaka mpira unatoka katikati kama moyo wa gunzi. Alizipima kwenye pini. Mbili alizitupa. "Inalegea," alisema, "hii itakuwa pusi." Nikachonga nyingine. Odhiambo alikuwa ananoa kisu changu, hakuna aliyemtuma, kila nikinyoosha mkono ninakikuta kikali.

Kuziingiza hakukuwa na mafuta, sabuni tu na maji. Sabuni inakauka inaondoka, mafuta yanabaki yanakula. Omuse aliziingiza kwa kuzivuta na bolti na washa, polepole, na mimi niliona ule mpira unajikunja unaingia kwenye chuma kama mtoto anayeingia kwenye blanketi. Akapitisha pini, akaweka nati. Mimi nikasema, "Kaza twende!"

"Bado."

"Fundi, mama yangu..."

"Nafula, nikikaza sasa nimemuua mama yako."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu kikubwa kuliko vyote, na ninyi mnaoharakisha kazi mnisikie. Gari likiwa limeinuliwa, springi imening'inia. Ukikaza bushi hapo, unaishika katika hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, mpira tayari umejisokota mpaka mwisho, kabla hata safari haijaanza, na shimo la kwanza linaupasua. Bushi inakazwa gari likiwa chini, limesimama kwa miguu yake, na mzigo wake ndani. Ili pale inapobeba, iwe ndipo inapopumzika.

Akatoa mataruma, akashusha pikapu. Halafu akasema, "Sasa nataka uzito wa safari. Sawa na Mama Nabwire na watu wa kumbeba. Pandeni."

Ndiyo maana nawajua wote kwa majina. Walikuwa mzigo. Wandera alipanda kwanza, halafu Barasa, halafu Odhiambo. Omuse alilala chini akatazama shako. "Bado nyepesi. Mama Amoit, panda."

Akinyi akashika kiuno. "Baba Amoit, unataka kunipima kama gunia mbele za watu?"

"Panda, mama. Leo huo mwili una kazi."

"Uji wangu ndio umenipa, na wewe ndiye unaumaliza!" Lakini alipanda, Wandera anavuta, mimi nasukuma, na pikapu ikashuka kidogo na kutulia. Omuse akawaambia wajitikise, wakajitikisa wote, watu wazima wameshikana mabega wanaruka kwa matako, na wapita njia wamesimama wakidhani ni ngoma. Halafu akasema, "Tulieni. Msipumue." Na wakatulia. Nilisikia spana inakaza nati, kri, kri, kri. Sijawahi kusikia kimya kama kile Malaba.

Tukamchukua mama. Zile bushi-shati nane tulizikunja tukaziweka chini ya mguu, pande zote, zikawa mto mzuri kuliko mto. Mimi na Barasa tulikaa naye nyuma, kila mmoja na upande wake wa mbao, Wandera kwenye kichwa chake. Akinyi na Odhiambo walibaki wamesimama barabarani. Omuse akaendesha.

Nilikuwa nimekaza meno kungoja ile ko. Tukapita shimo la kwanza pale njia inapotoka Malaba. Nikaona ubavu wa gari unashuka na kupanda. Ko haikuja. Tukaingia kwenye ile barabara ya mistari, ile ya ubao wa kufulia, iliyokuwa inawatoa watu machozi. Chini ya makalio yangu nilihisi kitu kama mtetemo wa paka akiwa amelala. Basi. Nikainamia ukingo, nikaona shako inacheza mbele na nyuma, mbele na nyuma, haraka mpaka jicho linashindwa, na ndani yake vile vipande nilivyochonga kwa kisu cha baba vinajisokota na kurudi. Nilisikia njiwa. Nilisikia kengele ya baiskeli. Nilisikia mwanamke shambani anamwita mwenzake, na yule mwenzake anaitika. Ndani ya gari! Nilishangaa mpaka nikaogopa. Sisi watu wanne nyuma, na dereva, na chuma chote kile, na mfupa ulio kama kisu karibu na mshipa, wote tumekalia mpira wa tairi kuukuu la lori la mtu nisiyemjua, na mpira unatubeba na hautaki hata tuujue.

Tulipopita Busia mama bado alikuwa ananung'unika. Mbele kidogo, kabla ya Bumala, akanyamaza.

Nikamtazama. Macho amefumba, mdomo wazi kidogo. Nikamwita, "Mama." Hakuitika. Nikamtazama Barasa, Barasa akanitazama. Nilipiga paa la pikapu kwa mikono yote miwili. Omuse akasimamisha, akatoka mbio, uso umemwisha damu. Wandera alikuwa ameshaanza kulia. Barasa akaweka vidole shingoni mwa mama, akakaa hivyo, akakaa, na mimi nikaona maisha yangu yote yako kwenye ncha za vidole vya yule dresa.

Mama akafumbua macho, amekasirika.

"Mbona mmesimama?" akasema. "Tangu nianguke sijalala. Leo nimepata usingizi, mnanipigia mabati."

Wandera alicheka na kulia pamoja. Omuse alilala chini pale barabarani, kwenye vumbi, akaingiza mkono, akashika bushi moja moja. Akaniita, "Nafula, njoo usike." Nikashuka, nikashika. Ilikuwa na joto, joto la yai ambalo kuku ameinuka sasa hivi. Tulitazamana tukiwa tumelala chini ya gari, Mteso na Msamia. Halafu mama akapiga kelele huko juu kwamba twende.

Tulifika. Mtu wa mifupa alitoa zile mbao, akafungua, akasema mshipa ni mzima. Mama alikaa kule muda mrefu na uzito umening'inizwa kwenye mguu wake, na alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, na aliishi mpaka akawaona baadhi yenu ninyi. Mimi niliporudi Malaba, kigogo changu kilihamishwa kutoka barazani mpaka ndani ya gereji.

Siku hizi bushi zinakuja ndani ya plastiki, zina namba, zinaingizwa kwa mashine. Vizuri. Lakini mkazie chini, mzigo ukiwa ndani.

Sasa wazee wengi wa siku ile hawapo, na kichwa changu ni cha zamani. Kama wewe ni mjukuu wa Akinyi na alikusimulia kwamba alipanda kwa hiari yake bila kusukumwa, njoo uniambie, nitaandika upya. Kama Odhiambo aliwaambia mashati yalikuwa saba, au kwamba aliyekosea kusikia si yeye, nirekebisheni. Kama si karibu na Bumala tuliposimama bali ni mbele yake, mjuaye ile barabara aseme. Majina nadhani yako sawa, na kama kuna niliyemsahau, mwenye jamaa huyo anisamehe na anitajie nikiwa bado nasikia. Lakini hapo ninaposema mama alilala, hapo msinisahihishe. Nilikuwa nimemshika mguu.